Vikaratasi Vitatu vya Tsuma wa Rai

Mwaka umetimia leo, tarehe 9 Machi 1967, Tsuma, tangu homa ya siku tatu ikuchukue ukatuacha hapa Msambweni mikono kichwani.

Hukuwa mtu wa makelele. Maji ya bamvua yakitoka, ulivaa ile kaptura yenye kiraka cha kijani, ukashika wavu wako mdogo ulioushona kwa chandarua kikuukuu, ukashuka mwambani kupindua mawe. Ulikuwa ukimtafutia Bi Hannah, mtaalamu wa viumbe wa baharini kutoka Nairobi, kamba wadogo wasiojulikana. Na kila jiwe ulilirudisha. "Hilo ni paa la mtu, Hawe," ulimwambia nyanyako Kadzo.

Naye alikutania: "Siku nzima juani, waniletea kamba asiyetosha hata kunukisha mchuzi!"

Ukacheka. "Huyu si wa chungu, Hawe. Huyu ni wa kitabu."

Uliacha dirishani chupa tatu za spiriti. Ndani ya kila chupa, kamba mmoja na kikaratasi ulichokiandika kwa penseli. Matanga yalipokwisha, nyanyako aliingia kufagia chumba chako. Alipoona mwandiko wako umezama majini, roho ilimuuma. Akavitoa vikaratasi vyote vitatu, akavianika juu ya ungo, akavifunga katika pindo la leso. Alidhani anaokoa kidogo chako kilichosalia.

Mwezi wa sita Bi Hannah alikuja kutupa pole. Akainua chupa moja kwenye mwanga, akaigeuza polepole.

"Mama, huyu hajapata kuandikwa pwani yetu. Tsuma alimtoa wapi?"

Nyanyako aliishia darasa la nne, lakini alivifungua vikaratasi, akavisoma pasipo kukwama. Tiwi. Gazi. Chale. Kipi kilikuwa cha chupa ipi, hakujua.

"Bila mahali siwezi kumwandika, mama. Wala siwezi kulitia jina la aliyemwona."

Hakumkaripia. Heri angemkaripia.

Tangu hapo, kila bamvua, nyanyako hutoka na dadako Mbodze kumtafuta mwingine kama yule. Ameinama Gazi, ameinama Chale, hata Tiwi amefika, kwa magoti yale uyajuayo. Kamba ni tele; yule hayumo. Mawe yote ameyarudisha.

Chupa ingali dirishani. Kamba wako amekuwa mweupe mtupu; ile mistari myekundu uliyotuonyesha kwa ncha ya kijiti imepotea. Ulisema ni wa kitabu. Tumeshindwa kumfikisha, mwanetu. Utuwie radhi.

Mola akulaze pema. Wanaokukumbuka ni babako Rai, mamako Nimbodze, dadako Mbodze, majirani wa hapa na wa Gazi, na nyanyako Kadzo, ambaye huvifungua vikaratasi vitatu kutoka pindo la leso, akavipanga pajani, akakuuliza: "Ni kipi, baba?"

Daima umo nyoyoni mwetu, hata usipotujibu.