Toa Zile Alama za Miguu Mchezoni

Mwanangu Bakari, kifungua mimba wangu,

Salamu leo ni fupi. Sisi wazima, baba yako mzima, goti lake ni lile lile, na mimi nimekasirika.

Ile diski uliyomtumia binamu yako Salim imefika. Nilivuka feri mpaka kwao Nyali na buibui jipya, maana si kila mama wa Likoni anaitwa kwenda kutazama mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na mwanawe huko Uingereza. Kwenye feri nilimwambia mama mmoja nisiyemjua. Nikamwambia na muuza njugu. Mpaka nafika ng'ambo, nusu ya feri inajua kuwa mimi Mwanamisi, niliyeishia darasa la nne, nimezaa mtu anayetia uhai ndani ya kioo.

Salim akanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka. Nikaona msitu, nikaona majini yenye mabawa, nikaona kasri la sultani. Mashallah, mkono wako mzuri. Kisha akatokea mtu mwenye kikoi na upinde.

"Shangazi, huyu ndiye mwindaji. Anaitwa Mguu Mzito."

"Anaitwa nani?"

"Mguu Mzito. Bakari amesema ni jina la utani la mjomba Hamisi. Amemtia baba yake mchezoni!"

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi nikanyamaza, muulize Salim. Nikamwambia ampige paa mmoja nione. Akabonyeza, paa akaanguka, Mguu Mzito akamtia begani akashika njia. Nyuma yake zikawa zinatokea alama za miguu kwenye tope, kila moja kubwa kama sinia. Mara askari wa sultani hao, wameinama, wanazifuata moja moja mpaka mlangoni kwake. Wakasema maneno ya Kizungu, Salim akanitafsiria: amewinda bila kibali, atoe dinari kumi. Akatoa. Askari wakaenda zao, naye akarudi msituni.

"Basi?"

"Basi, shangazi. Akishikwa mara ya tatu ndiyo anafungwa."

"Anafungwa muda gani?"

Salim akafikiri. "Kama dakika mbili hivi."

Dakika mbili! Bakari, baba yako alikaa miezi minane. Ulikuwa darasa la tatu. Umesahau jinsi ulivyokuwa ukikataa kula mpaka nikuwekee na sahani ya baba pembeni, tupu? Alipotoka, kiwanda cha Changamwe kilikuwa kimeshampa mtu mwingine kazi yake, naye akaanza kuchoma makaa na kupasua nazi za watu. Hizo ndizo dinari zako kumi?

Na usidhani naipinga sheria. Siipingi. Wanyama wale wakiisha, wajukuu zangu watawaona kwenye mashine yako tu. Umeandika kwamba wakuu wako wamekusifu kwa kuweka sheria za uwindaji, kwamba michezo mingine mtu anaua msitu mzima na haulizwi. Nami nimejisifu kwa hilo mtaa mzima. Mtoto wangu peke yake ndiye aliyekumbuka kuwa mnyama ana mwenyewe! Adhabu rekebisha, unajua kazi yako.

Kilichonikera ni zile alama za miguu.

Umeniambia mchezo mkishaupeleka dukani hakuna kubadilisha tena, ndiyo maana naandika haraka na mwandiko huu mbaya. Kaa chini usome polepole.

Wakumbuka baba yako alivyokuwa akitega. Jumamosi akitoka kazini anakwenda shamba la bibi yako, kule Kwale, ukingoni mwa msitu. Ulikwenda naye mara moja ukarudi unaniambia, "Mama, baba hutembea kama hayupo!" Kweli. Mtu yule alikuwa akipita kwenye majani makavu na usisikie kitu. Alikuwa akirudi kwa njia nyingine, anakanyaga mawe na mizizi, na mtego akishautegua hujui kama palikuwa na mtego. Babu yake alimfunza hivyo. Hakuna askari wa wanyamapori aliyewahi kumfuata, na hakuna ambaye angeweza.

Sasa, ile Jumamosi alileta paa chini ya mihogo, ndani ya gunia. Amemchinja vizuri kwa bismillahi. Nikampika kwa nazi na bizari, na ndimu nyingi, unavyopenda. Baba yako akasema maneno matatu tu: "Tule wenyewe, Mwanamisi."

Tule wenyewe! Na jirani? Tangu lini nyumba yangu ikanukia mtaa mzima halafu nikafunga mlango? Nikachukua sahani sita, nikazifunika kwa kawa, nikazipeleka moja moja kama tunavyopelekeana siku zote. Na kila mlango nasema, "Hii si nyama ya bucha hii. Hii Baba Bakari amewinda mwenyewe."

Nyumba ya tano ilikuwa ya Mama Fatuma. Alikuwa na mgeni, shemeji yake, kijana mpole, amekaa mkekani na kanzu safi. Nikampa sahani kwa mkono wangu. Akala, akalamba vidole, akasema, "Mama, tamu hii! Nyama gani?"

Ningesema mbuzi. Mungu alinipa nafasi nzima ya kusema mbuzi. Nikasema, "Paa, mwanangu. Mume wangu huwatega Kwale, karibu na shamba la mamake, upande wa mto. Hajawahi kurudi mikono mitupu."

Mama Fatuma akanikodolea macho, na mimi nikadhani ananionea wivu.

Yule kijana alikuwa askari wa wanyamapori. Jumatatu walikuja watatu, yeye akiwa mbele, amevaa sare. Aliniamkia, "Shikamoo mama." Nikaitikia "marahaba" kwa mazoea. Wakaingia, wakatoka na ngozi na baba yako.

Jioni uliniuliza, "Walijuaje?" Nikakutazama, nikasema, "Walifuata alama za miguu yake." Ukakubali. Na kwa kuwa wewe umekubali, nikawaambia na majirani, nikawaambia na dada zake. Mama Fatuma alijua, akanisitiri. Watu wa barazani ndio wakazaa hilo jina. Miezi minane mtu yuko ndani, anatoka anakuta anaitwa Mguu Mzito. Miaka kumi na zaidi sasa, "Mguu Mzito, habari za asubuhi," naye anajibu "nzuri."

Na sasa wewe unataka kulipeleka kwa watoto wa dunia nzima!

Nilirudi kutoka Nyali nikamkuta anapasua nazi. Nikamwambia yote, nimesimama, hata buibui sijavua. Sahani, yule kijana, uongo wangu. Hakuacha kazi. Akasema, "Najua."

"Wajua nini?"

"Kortini yule askari alimwambia hakimu kuwa nyama ilipikwa kwa nazi na bizari. Na ndimu nyingi, akasema. Mguu wangu gani uliomwambia habari za ndimu?"

"Na hukusema kitu, Hamisi?"

"Niseme nini? Ulikuwa na watoto watatu na majirani ndio waliokuwa wakikupa unga. Ungekula wapi wakijua?" Kisha akaniambia nisikuandikie. "Mwache mtoto. Atamuona mamake vipi?"

Bakari, mimi hujisifu sana, wajua, na tangu Jumatatu ile nimejisifu kwa kila kitu isipokuwa mume. Kwa mume nimeishia kucheka na wenzangu barazani walipomwita jina lililozaliwa na uongo wangu mimi. Sijui ningeishi na nani mwingine.

Kwa hiyo toa zile alama za miguu. Mwindaji wako atembee mpaka kwake na tope libaki kama lilivyokuwa. Mwite Hamisi bin Bakari, jina kamili. Askari watafute, wazunguke, wachoke, wasione kitu. Halafu atoke mwanamke nyumbani kwake na sahani sita, na mchezaji asiweze kumzuia hata abonyeze mpaka kidole kimuume. Huyo mpe jina langu. Watu wakikuuliza kwa nini umemdhalilisha mama yako mbele ya dunia, waambie yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, na ameandika kwa mkono wake.

Leo asubuhi mtu alipita akaita, "Mguu Mzito!" Nikatoka nje nikamweleza habari yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti. Baba yako aliingia ndani kwa aibu. Kesho nitamweleza mwingine.

Ni mimi mama yako, mwenye mdomo, mke wa mtu mwepesi kuliko wote Likoni,
Mwanamisi