Mkono Uliokosewa Kwenye Medali

Buffalo, 2016

Mjukuu wangu Neema,

Sisi huku tu wazima. Mama yako amepata kazi ya kutunza wazee. Umeniuliza kama umwambie mwalimu wako hapo Columbus kwamba amekosea.

Tulipofika Louisville nilifagia karakana ya mama mmoja wa Kimarekani, mchongaji mashuhuri. Alikuwa amemaliza kuchonga kwa nta mfano wa medali ya mama na mtoto mchanga, na gari la kuipeleka kiwandani lilikuwa mlangoni. Nikaona mkono wa yule mama wa kwenye medali haukuishika shingo ya mtoto. Niliogopa kusema, maana kazi ile ndiyo iliyotulisha.

“Mama, mtoto ataumia,” nikasema, nikakunja taulo na kulipakata kumwonyesha.

Akachukua kisu, akaukwangua mkono wote.

“Kaa hivyo hivyo na taulo, usitikisike,” akasema. “Naanza upya.”

Dereva aliondoka mikono mitupu.

Nakuombea,
Bibi yako