Pete Kwenye Pindo la Leso

Bomeni, Alhamisi, Julai 1994

Na leo tena nimeolewa, mbele ya shule nzima! Kabla ya mchezo niliivua pete ya Mwakio, mume wangu mtamu, nikaifunga kwenye pindo la leso, maana jukwaani mimi bado mwali. Wasichana walipiga vigelegele. Nikalia, na hayakuwa machozi ya kuigiza.

Nilipoondoka Werugha na kikundi chetu cha maigizo, mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, mke wa mtu huolewa mara ngapi?" Mwakio alicheka tu. Lakini Jumamosi tunacheza Voi, na atakuja kuniona jukwaani kwa mara ya kwanza. Akiniambia niache...

Sijui. Usiku huu namtaka yeye tu. Chumba cha gesti kina vitanda viwili. Nimevitandika vyote viwili, changu na chake.