Lubugo Juu ya Miche

Jumapili, 8 Septemba 1974

Sikwenda misa. Mungu ataelewa, katekista sijui.

Kaka yangu Privatus alikuja juzi kutoka Kashozi, na leo alfajiri tumemaliza matao ya matuta yote matatu. Fito mbichi. Unazikunja gotini taratibu, ncha zote mbili zinaingia ardhini, kamba ya mgomba inashika. Matete tulijaribu — yakakatika. Chini ya matao ndiyo miche yangu ya kahawa, bado michanga. Mvua ya mawe ikiikuta wazi, kwisha!

Kamati ya kijiji imesema bwana shamba atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Akikuta miche mizima, kitalu cha kijiji kitakuwa hapa, nami nitabaki katika kibanja hiki, nyumba na migomba yake. Ikifa, kibanja kinarudi kwa ukoo wa marehemu mume wangu. Ukoo maana yake Mushumbusi, shemeji yangu. Sina mtoto wa kiume. Kila mtu anajua, yeye zaidi.

Watu wakiwa kanisani, lori la kahawa likapita. Mama alikuwa kwangu tangu Pasaka. Akapanda na Privatus, wakaenda zao Kashozi. Ghafla tu. Hata jirani hakuagwa.

Jumanne, 10 Septemba

Bukoba. Dukani kwa Rasiklal nimeomba nailoni ya kufunika matuta. Hakuna, anasema, labda mwezi ujao. Hakuna! Na ile sukari mkewe Madhuben ameifunika kwa nini kama si nailoni? Mimi si kipofu. Nimerudi mikono mitupu, mawingu yananifuata mpaka kwangu Ijumbi.

Zipo lubugo za Mama. Ndizo alizojiwekea za kuzikiwa, akaniachia. Eti yeye atatosheka na blanketi, nguo ya gome la mti imepitwa na wakati. Moyo unasita. Lakini miche itaniuliza?

Jumatano, 11 Septemba

Nimefunika. Kivuli kizuri, hewa inapita. Zikilowa ni nzito, matao yanainama, kwa hiyo nimeongeza fito katikati.

Jioni Mushumbusi amepita njiani. Hakusalimia. Akasimama, akatazama matuta, akatazama nyumba, akatazama tena matuta. Hajawahi kuona kitalu? Anazitaka lubugo, huyo. Nimefunga kamba mara mbili.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua ya mawe! Migomba imechanika vibaya. Nimefunua kwa hofu — miche yote imesimama! Nimecheka peke yangu, halafu nikalia.

Halafu nikaona alama za mabuti ya mpira kando ya tuta la kwanza. Upande huu wa kijiji mwenye mabuti ni mmoja, shemeji yangu. Na kona ya lubugo ilikuwa imefunuliwa, ikarudishwa vibaya. Kwa hiyo ameiona miche.

Kisimani wanawake wamenyamaza nilipofika. Mmoja akaniuliza kama Mama hajambo, kwa sauti ile ya kutoa pole. Mbona pole?

Jumapili, 15 Septemba

Leo nimekwenda misa. Benchi zima nilikaa peke yangu. Wananificha kitu.

Jumanne, 17 Septemba

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ndyamukama, amekuja. Nimempa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Akaishika tu. Hakuitia mdomoni! Mtu mzima, nyumbani kwangu, anashika kahawa yangu mkononi mpaka inalowa jasho! Nilijua hapo hapo kwamba ananiogopa.

“Immakulata, waitu,” akasema kwa heshima, “mama yako yuko wapi?”

Kashozi, nikamwambia.

“Nani alimwona akiondoka?”

Ndipo akaeleza. Mushumbusi anawaambia watu kwamba Mama alifia kwangu na nimemzika kwa siri kwenye tuta la kwanza. Tuta lina urefu wa mtu. Lubugo zote wanajua ni za Mama. Na Jumapili ile hatukuonekana kanisani.

Huku kwetu kaburi ni ushahidi kuliko karatasi. Nikimzika mtu wa ukoo wangu hapa, nimewaibia kibanja. Watanifukuza siku hiyo hiyo, na hakuna kamati itakayonitetea.

Mimi mwenyewe ndiye niliyefunika udongo kwa sanda! Mhaya mzima! Nilikuwa nawaza mawe ya mvua tu.

Jumatano, 18 Septemba

Nimempa utingo wa basi ujumbe kwa Privatus: mlete Mama, Ijumaa, bila kukosa. Akasema sawa huku akitazama pembeni. Simwamini.

Ijumaa, 20 Septemba

Mushumbusi na wanakijiji wamekuja na majembe. Balozi alisema wachimbe tuta moja tu, lile la kwanza. Mushumbusi akang’oa matao, akachimba mpaka magoti yakazama. Udongo na samadi. Balozi akashusha pumzi, akasema basi, hapa hakuna mtu, tusubiri basi la Bukoba tumwone bibi mwenyewe.

Mushumbusi akasema labda ni la pili.

Akaanza. Nilimwangalia vizuri. Anayetafuta maiti huangalia shimo. Yeye haangalii shimo. Kila jembe linaingia kwenye shina la mche, anaukanyaga, anakwenda mwingine. Alijua tangu siku ile ya mabuti kwamba hapa hakuna kaburi, kuna miche! Balozi akapiga kelele aache, lakini la pili lilikuwa limeshakwisha.

Limebaki la tatu. Nimeingia kati ya matao, nimekaa njiani mwa jembe lake, miche kwapani na mgongoni. Naandika hapa hapa. Balozi amekwenda kumwita mwenyekiti. Watu wamesimama kando. Bwana shamba ni kesho.

Nimemwambia, “Shemeji, subiri basi. Kama Mama hayumo, unichimbe hata mimi.”

Amekaa juu ya mpini wa jembe, anafuta jasho.

Honi. Kule barabarani, kwenye kona — basi!

Watu wote wamegeuka kutazama njia. Mushumbusi hakugeuka. Ameinuka, ameshika jembe, anakuja haraka, anataka kulimaliza la tatu kabla Mama hajaonekana.