Masizi Chini ya Rangi

Baba Nabwile,

Hongera kwa sebule. Nilisema tuoshe masizi ya jiko kwanza, lakini wewe ati rangi itafunika. Asubuhi nimeegemea ukuta kidogo tu, rangi na masizi vyote vikahamia kwa sweta yangu ya kanisa.

~~Chai iko kwa themosi.~~ Chai nimemaliza.

Fungua madirisha. Viti usirudishe kabla ukuta haujakauka.

Vile vitambaa vya viti ulivyopangusia brashi nimevianika mlangoni.

Naenda steji ya Kitale kumpokea mama yako. Akitoka Bungoma alipiga simu, akauliza kama bado tunatumia vitambaa alivyotufumia. Nikamwambia ndiyo, hata jana ulivitumia sana. Amefurahi. Anataka kuviona.

Mama Nabwile