Zulfa na Shule ya Misheni

Chanzuru, Jumatano, baada ya Isha

Bado naiwaza ile shule ya misheni. Zulfa wangu amepata nafasi ya kidato cha tano, sayansi, nami wiki nzima nimeshindwa kusema ndiyo. Naogopa atarudi ameacha kuswali.

Jioni alinisomea daftari lake la historia. Kumbe makhalifa wa Baghdad waliwaita Wakristo wawatafsirie vitabu vya tiba vya Wayunani, wakawalipa vizuri.

"Na khalifa hakuacha kuswali, baba," akasema, huku anakwepa macho yangu. Huyu mtoto jamani.

Jirani yetu Mama Neema, Mwanglikana, alikuwa anachambua tembele na mke wangu. Yeye alisoma shule hiyohiyo. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mtoto atajuaje kuelekea kibla kule milimani.

Akafikiri, tembele mkononi. "Baba Zulfa, ukilala bwenini, miguu inaelekea mashariki. Kaskazini ni mkono wa kushoto. Si ndiko mnakoelekea mkiswali?"

Ndiko. Miaka yote hii alikuwa anatuangalia, na amekumbuka.

Nimeukunja mswala wangu, nimeuweka ndani ya tranka la Zulfa. Kesho akilifungua atapata jibu langu.