Dawa Inayeyukia Wapi?

Jumatatu, 4 Machi

Homa imerudi. Hata mwezi haujakatika tangu amalize dawa ya malaria, na leo meno ya mume wangu yanagongana kama cherehani yangu ikipanda mshono wa jinzi. Zahanati wamempima: malaria, tena. Mwingine simshuku ila Miwani, muuza dawa wa kona. Dawa zake feki, naapa! Pakiti anaipangusa vumbi kwanza ndipo akupe.

Jumanne, 5 Machi

Nimemvaa Miwani. Hakutaharuki. Kasema mama mwenye nyumba wetu kanywa dawa ya boksi hilohilo. Kweli, na yule mama kapona — jana alikuwa anatutukana kwa sauti yake ya kawaida. Halafu Miwani kanichoma: nimuulize mume wangu kama anameza au anatupa.

Nimerudi nimevimba. Lakini neno limeshaingia.

Jumatano, 6 Machi

Nimemsimamia mpaka kameza, na maziwa juu, maana dawa hii inataka mafuta tumboni. Nikamfungua mdomo, nikatazama chini ya ulimi.

"Sasa mimi ndiye mwanao?"

Tumecheka wote wawili. Anameza. Basi ni nini?

Jumamosi, 16 Machi

Homa imetulia, moyo wangu bado. Leo tena kaondoka alfajiri bila chai. Gereji yao haifunguliwi mapema hivyo! Anasema ananyoosha miguu. Miguu gani hiyo isiyotaka hata kikombe cha chai? Kuna mtu anamwandalia mahali.

Na fulana yake ina madoa ya rangi ya chungwa, kwapani na shingoni. Rangi ya gari, kasema. Huyu ni fundi injini, lini kaanza kupaka rangi? Nimeifua, doa limegoma. Nimenyamaza. Siku za mwizi arobaini.

Jumatano, 27 Machi

Imerudi! Na safari hii dawa niliiona kwa macho yangu ikishuka kooni.

Nimempeleka hospitali kubwa. Daktari ni binti mwenye sauti ya chini. Kauliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Kaeleza zipo dawa zinazolichochea ini, na ini likichochewa linaivunjavunja dawa ya malaria upesi mno — inaisha kwenye damu, vijidudu bado vipo. Za kifua kikuu, kwa mfano. Na baadhi ya zile za virusi vya UKIMWI.

"Hapana!"

Mume wangu huyo. Daktari hakuwa hata amemaliza kusema.

Wamemlaza. Mimi nimerudi na mtoto mgongoni na hilo "hapana" masikioni. Mwisho wa mwaka alikohoa sana. Wifi, dada yake, ndiye aliyehangaika naye huko na huko mpaka kikohozi kikaisha. Mimi nilishukuru tu!

Alhamisi, 28 Machi

Nimekwenda kwa wifi. Nimemkuta anaanika nguo. Sikuzunguka mbuyu: daktari anataka dawa zote za kaka yako.

Nguo ikabaki mkononi inachuruzika.

"Kakwambia mwenyewe?"

Basi! Hakuuliza dawa gani. Kauliza nani kasema.

Kumbe alfajiri zote zile alikuwa hapa, tumbo tupu, anameza dawa za kifua kikuu. Ile rangi ya chungwa ni jasho lake, dawa ndiyo inayolitia rangi. Nilikuwa natafuta mke mwenza, nimempata wifi! Nilicheka. Kisha nikalia palepale kwenye kamba ya nguo.

Kasema kaka yake aliogopa ningebeba mtoto nikaenda kwetu. Mtoto! Anayelala katikati yetu! Kaapa kwamba waliambiwa dawa zikishakolea hamwambukizi mtu. "Nisamehe, wifi yangu." Huenda ni kweli. Kesho mtoto naye atapimwa, sitaki viapo vya mtu.

Ijumaa, 29 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali, mtoto kalala mapajani.

Wifi kaleta dawa. Mume wangu hakunitazama, kasema tu, "Mama, niliogopa." Nikamshika mkono. Hasira ninayo, lakini mkono ule ulikuwa unachoma kwa homa, ningefanyaje?

Daktari akazigeuza pakiti moja moja. Za kifua kikuu, kasema, sawa. Kisha akauliza taratibu, "Ni hizi tu?"

Mume wangu hakumtazama daktari. Hakunitazama mimi. Kamtazama dada yake. Na wifi kainamia mkoba wake, ule aliokuwa ameukumbatia tangu tuingie, hajaufungua wote.

Daktari kaona nilichoona. Kaniomba, kwa upole kabisa, nitoke nje kidogo na mtoto.

Mlango umefungwa. Mimi mkewe niko nje. Wifi yuko ndani.

Zipu ya mkoba — nimeisikia.